Hai Qing na Sauti ya Kuazima: Kutoka kwa Muuguzi Doudou hadi Guiying wa Gansu

Utangulizi

Katika masomo ya tafsiri tumezoea kufanya kazi na maandishi: riwaya, mashairi, hati za serikali, hotuba. Mwigizaji wa filamu hatumweki mezani kama matini. Hata hivyo, mwigizaji anapovuka mpaka wa lugha, jambo la pekee humtokea: uso wake hubaki, mwendo wake hubaki, machozi yake hubaki, lakini sauti yake huondolewa na mtu mwingine huzungumza mahali pake. Nusu ya kazi yake inakuwa mikononi mwa mfasiri na mtia sauti.

Makala hii inafuata maisha na kazi ya mwigizaji mmoja wa China, Hai Qing, kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ni miongoni mwa waigizaji wa China wa mwanzo kuzungumza Kiswahili kwenye televisheni ya Afrika Mashariki, kwa sauti ya kuazima. Pili, miaka kumi baadaye aliigiza nafasi iliyojengwa juu ya lahaja ya kijiji, na nafasi hiyo inatuuliza sisi wa Goma swali gumu: mwanamke maskini wa shamba akizungumza Kiswahili, azungumze Kiswahili gani?

1. Maisha na kazi kwa ufupi

Jina lake la kuzaliwa ni Huang Yi; Hai Qing ni jina la kazi. Alizaliwa Nanjing, mji mkuu wa jimbo la Jiangsu, katika miaka ya 1970. Alianza na dansi kabla ya kuingia katika uigizaji, kisha akasoma katika Chuo cha Filamu cha Beijing.

Umaarufu wake ulitokana na tamthilia za televisheni za kifamilia. Mwaka 2007 aliigiza katika tamthilia ambayo jina lake kwa Kichina ni Shuāngmiànjiāo, yaani gundi ya karatasi inayonata pande mbili. Hiyo gundi ni mume, aliyebanwa kati ya mke wake wa Shanghai na mama yake mzazi. Mwaka 2009 ikafuata Wōjū, hadithi ya ndugu wawili wa kike na bei ya nyumba mjini: Hai Qing alikuwa dada mkubwa anayejinyima kila kitu ili apate vyumba vya kwake. Kisha ikaja tamthilia ya vipindi 36 iliyomfikisha kwetu, Xífu de Měihǎo Shídài, ambayo tukifuata maneno yake moja baada ya jingine tungeiita «Zama Njema za Mkamwana». Humo yeye ni Mao Doudou, muuguzi wa hospitali, aliyeolewa na mpiga picha Yu Wei.

Kwa nafasi hizo watazamaji wa China walimpa jina la utani ambalo maana yake ni «mkamwana wa taifa». Lilikuwa jina la mapenzi, lakini lilikuwa pia kizuizi. Mwigizaji anayepewa jina la ukoo na taifa zima huombwa kubaki katika ukoo huo: aendelee kuwa mke, aendelee kugombana na mama mkwe, aendelee kupatana naye mwishoni.

2. Doudou anafika Dar es Salaam

Redio ya kimataifa ya China ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, mwaka uleule ambao Tanganyika ilipata uhuru. Kwa nusu karne Kiswahili cha Beijing kilikuwa kwanza Kiswahili cha kusikilizwa: habari, barua za wasikilizaji, masomo ya Kichina. Mwaka 2011 kikaingia midomoni mwa waigizaji. Tamthilia ya Hai Qing ilitiwa sauti za Kiswahili na kuonyeshwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, kwa jina la «Doudou na Mama Wakwe Zake».

Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping, katika hotuba yake ya Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013, aliitaja kama mfano wa jinsi watazamaji wa Tanzania walivyoonja maisha ya kawaida ya familia za China. Baada ya hapo kazi ya kutia sauti ilipanuka. Kampuni ya StarTimes, ambayo visimbuzi vyake vinapatikana pia hapa Kongo, iliandaa mwaka 2016 nchini Tanzania mashindano ya kutafuta watu wenye vipaji vya kutia sauti.

Kwa mwanafunzi wa lugha, swali la kujiuliza ni kwa nini tamthilia hii hasa ilifaulu. Haikuwa na vita wala miujiza. Jibu langu ni kwamba ilibebwa na msamiati ambao Kiswahili kilikuwa nao tayari, tena kwa wingi: msamiati wa ukwe.

3. Jina la tamthilia na sarufi ya ukwe

Tazama kilichofanyika katika jina. Neno xífu lina maana mbili kwa Kichina: mke, hasa katika usemi wa kaskazini, na mke wa mwana. Kiswahili kinazitenga: mke ni mke, na mke wa mwana ni mkamwana au mkaza mwana. Lakini mkamwana si neno linalosikika kila siku, na hapa kwetu wengi hawalitumii kabisa. Mfasiri aliliacha. Aliondoa pia «zama» na «njema», akaweka jina la mtu na tatizo lake: Doudou, na mama wakwe zake. Msikilizaji anasikia wingi huo na kushtuka: mama wakwe wangapi?

Jibu ndilo kiini cha hadithi. Wazazi wa Yu Wei wameachana na baba yake ameoa tena, kwa hiyo Doudou ana mama wa mume na mama wa kambo wa mume, na wote wawili wanadai heshima ya mama mkwe. Kichina kina neno moja kwa mama wa mume, pópo, na lingine kwa mama wa mke, yuèmǔ. Kiswahili kinasema mama mkwe kwa wote wawili. Pwani kuna pia neno la zamani mavyaa. Kifaransa tunachosomea kinavuruga zaidi, kwani belle-mère ni mama mkwe na pia mama wa kambo. Mfasiri anayepitia Kifaransa angejikuta na belle-mère mbili, moja ya kila aina, kwa neno moja. Kiswahili hapa kina nguvu kuliko Kifaransa: mama mkwe na mama wa kambo ni watu wawili, na hakuna atakayewachanganya.

Sarufi nayo ina somo. Mkwe yuko katika ngeli ya M-/WA-, na tungetazamia «wakwe wake». Lakini majina ya ukoo yana desturi yake: tunasema ndugu zake, mama zake, rafiki zake, na kwa mfano huo wakwe zake. Katika Kiswahili cha Goma jambo hili linatatuliwa kwa njia nyingine, kwa kiambishi ba-: bamama, bandugu, bakwe. Aliyezoea bakwe huenda akaona «wakwe zake» kama kosa la upatanisho, kumbe ni kanuni yenye historia.

Na mzizi -kwe si mali ya Kiswahili peke yake. Kinyarwanda kinasema mabukwe kwa mama mkwe, na ubukwe ni harusi. Msemaji wa lugha hiyo anayesikia «mama mkwe» hahitaji kamusi. Tena, kuna desturi ya gutsinda, ambayo kwayo mwanamke aliyeolewa huepuka kutamka majina ya wakwe zake, hata maneno yanayofanana na majina hayo. Mtazamaji aliyelelewa karibu na desturi kama hiyo anamsikiliza Doudou kwa sikio kali: anamwitaje mama wa mumewe? Kwa Kichina Doudou anasema mā, mama, na Kiswahili kinasema vilevile. Hapo mfasiri alipewa zawadi.

Lakini kuna kilichopotea. Jina la ukoo wa Doudou ni Mao, na máodòu kwa Kichina ni soya changa zinazoliwa na maganda yake. Jina la mumewe, Yu Wei, linasikika kama neno la ladha inayobaki mdomoni baada ya kula. Mchina akisikia majina ya wanandoa hawa anacheka kabla hawajafungua mdomo. Kwa Kiswahili ni majina ya kigeni tu, na ucheshi huo wa mezani umekwisha.

4. Mlango unaojifunga

Mwigizaji wa kike ana tarehe ambayo hakuipanga yeye. Hai Qing alipokaribia na kuvuka miaka arobaini, aliendelea kupata nafasi; mwaka 2018 alikuwa mwandishi wa habari katika filamu ya vita iliyojulikana kimataifa kama Operation Red Sea, na mwaka 2019 alikuwa mama mkali wa mwanafunzi wa mwisho wa sekondari katika tamthilia Xiǎo Huānxǐ. Lakini aliona wenzake wakikosa kazi. Mwezi wa Julai 2019, katika tamasha la filamu la FIRST mjini Xining, alisimama jukwaani pamoja na waigizaji wenzake wa rika lake, akawaomba waongozaji vijana wawape nafasi wanawake wa umri wa kati. Maneno yake yalizungumzwa sana nchini China. Wapo waliomsifu kwa ujasiri, na wapo waliosema kwamba mwigizaji mkubwa haombi kazi hadharani.

Tusilione jambo hili kuwa la mbali. Katika tamthilia za kwetu pia, mwanamke ni binti wa kuposwa, halafu ni mama mkwe mwenye hila. Miaka thelathini iliyo katikati haina hadithi. Tukihesabu nafasi za wanawake katika tamthilia yoyote tunayoifuata, tutaliona pengo hilo wenyewe.

5. Guiying

Jibu lilitoka mahali asipotazamia mtu. Mwongozaji Li Ruijun, mzaliwa wa wilaya ya Gaotai katika jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, alikuwa akitengeneza filamu kwa bajeti ndogo katika nchi yake ya nyumbani, na aghalabu aliwatumia jamaa zake kama waigizaji. Alimpa Hai Qing nafasi ya Guiying: mwanamke aliyepigwa na kudharauliwa na ndugu zake mpaka akapata ulemavu, asiyeweza kuzuia mkojo, anayeozwa kwa Ma Youtie, mkulima maskini ambaye naye ni mzigo kwa ukoo wake. Youtie anaigizwa na Wu Renlin, ambaye si mwigizaji wa kusomea bali ni mkulima, jamaa wa mwongozaji.

Familia zote mbili zinatazamia kujiondolea watu wawili wasiotakiwa. Badala yake, hao wawili wanajenga upendo kwa mikono. Wanafyatua matofali ya udongo na kujenga nyumba. Wanaangua vifaranga katika sanduku la karatasi lenye taa ndani. Youtie anabonyeza punje za ngano juu ya mkono wa Guiying mpaka zinaacha alama ya ua.

Kwa nafasi hii «mkamwana wa taifa» aliacha karibu kila alichojulikana nacho. Alikaa kijijini kwa miezi, akafanya kazi za shamba, akajifunza kutembea kwa kuchechemea na kutetemesha mkono. Na jambo linalotuhusu zaidi: mtu wa Nanjing, aliyesomea Beijing, alijifunza kuzungumza kama watu wa Gaotai. Katika kijiji ambako karibu kila mtu mwingine mbele ya kamera ni mwenyeji, sentensi moja ya Kichina sanifu ingemfichua.

Filamu ilishindania Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwezi wa Februari 2022. Ilitoka China tarehe 8 Julai 2022, ikaanza polepole, kisha watu wakaambiana, mpaka mapato yakavuka yuan milioni 100, jambo la ajabu kwa filamu ya aina hiyo. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo iliondolewa kwenye majukwaa ya intaneti nchini humo, bila maelezo ya hadharani. Doudou alikuwa ametajwa katika hotuba ya rais. Guiying aliondolewa kwenye skrini. Mwigizaji ni yuleyule. Tofauti ni kwamba mmoja anaonyesha familia ya mjini inayopatana, na mwingine anaonyesha umaskini wa shamba katika miaka ambayo serikali ilikuwa ikitangaza ushindi dhidi ya umaskini huo.

Jina la filamu nalo ni zoezi zuri. Kwa Kichina ni Yǐn Rù Chén Yān, kutoweka ndani ya vumbi na moshi. Kwa Kiingereza ni Return to Dust, kurudi kwenye vumbi. Kwa Kifaransa ni Le Retour des hirondelles, kurejea kwa mbayuwayu, ndege ambao wamo katika hadithi. Tukisema kwa Kiswahili «Kurudi Mavumbini», msomaji wa Goma atasikia mara moja kitabu cha Mwanzo na maneno ya mazishi. Mchina hasikii hivyo katika jina lake: yeye anaona watu wasioonekana, wanaofifia kama moshi. Jina la Kiingereza linawazika. Jina la Kifaransa linawapa msimu mwingine. Jina la Kichina linasema tu kwamba hakuna aliyewaona.

6. Njia mbili za kuazima sauti

Afrika Mashariki ina njia mbili za kumzungumzisha mwigizaji wa kigeni. Ya kwanza ni ile ya vibanda vya video: msimulizi mmoja anayezungumza juu ya filamu nzima. Lufufu alijulikana kwa kazi hiyo Dar es Salaam, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda kwa Kiganda. Msimulizi hasemi kwamba yeye ndiye mwigizaji. Anasimama kando yake, anaeleza, anatania, anaongeza, na mtazamaji anajua wakati wote kwamba kuna watu wawili. Njia ya pili ni ya studio, iliyotumika kwa Doudou: kila mhusika ana mtia sauti wake, midomo inalinganishwa na maneno, na lengo ni mtazamaji asahau kwamba kuna mtu wa pili.

Msimulizi wa kibanda yuko huru kutumia Kiswahili cha mtaa wake. Studio, kwa kuwa inauza nchi nyingi kwa pamoja, inachagua Kiswahili sanifu. Kwa Doudou, muuguzi wa mjini anayezungumza Kichina cha mjini, uchaguzi huo hauna ubaya. Kwa Guiying una matokeo.

7. Guiying azungumze Kiswahili gani?

Tuchukue sentensi ya kawaida, si ya filamu: «Mtoto yumo nyumbani.» Mitaani Goma, Birere au Katindo, tunasema: «Mutoto iko mu nyumba.» Irabu kamili katika mu-, iko badala ya yumo, mu mbele ya nomino badala ya -ni nyuma yake. Hii si sanifu iliyovunjika. Ni mfumo wenye kanuni zake, na msemaji wake akikosea kanuni hizo atachekwa.

Mfasiri wa Guiying ana njia tatu.

Ya kwanza ni kumpa Kiswahili sanifu. Kila mtu ataelewa, kuanzia Mombasa hadi Kindu. Lakini kazi ya Hai Qing ya kujifunza lahaja inafutwa yote, na mwanamke ambaye hakupata shule anazungumza kama mtangazaji wa habari.

Ya pili ni kumpa Guiying na Youtie Kiswahili cha mtaa au cha kijiji, na wengine wote sanifu. Hii inavutia, na ndiyo ya hatari zaidi. Inamfundisha mtazamaji kwamba mutoto na mu nyumba ni maneno ya maskini na wenye ulemavu, na kwamba mwenye mali na daktari husema sanifu. Lugha yetu inakuwa vazi la dhiki.

Ya tatu ni kuuliza filamu yenyewe inafanya nini. Kijijini kwa Guiying lahaja si ya maskini tu: aliyedharauliwa na anayemdharau hutoka ardhi moja na huzungumza lugha moja. Ukatili wa hadithi umo humo, kwamba hawatenganishwi na lugha bali na mali na namna ya kuitana. Kwa hiyo ninapendekeza kijiji kizima kizungumze Kiswahili kimoja cha kwetu, tajiri akiwa wa kwanza, na dharau isikike katika mwito: nani anaitwa mama fulani, nani anaitwa kwa jina tupu, nani haitwi kabisa. Hapo lahaja inakuwa mahali, si cheo.

Watakaopinga watasema kwamba mtazamaji wa Tanga hataelewa. Maandishi chini ya picha yanaweza kumsaidia, kama wengi wa watazamaji wa China walivyosaidiwa na maandishi kuelewa maneno ya Gaotai. Watazamaji wa Beijing walikubali kusoma ili wamsikie Guiying katika lugha yake. Kwa nini msemaji wa Kiswahili asiombwe uvumilivu uleule kwa ajili ya Goma?

Hitimisho

Kazi ya Hai Qing ilianza kutufikia kwa mlango wa ukwe, kwa sababu Kiswahili kilikuwa na maneno ya kumpokea muuguzi Doudou. Nafasi yake ngumu zaidi inabaki mlangoni, kwa sababu inahitaji maneno ambayo tunayo lakini tunaona haya kuyaweka studioni. Lugha ya taifa, mojawapo ya nne za nchi hii, haiwezi kuwa ya katiba na ya kanisa tu. Siku moja studio itatafuta sauti kwa ajili ya mwanamke wa shamba, kutoka Gansu au kutoka Masisi. Inafaa ikute hapa watu waliokwisha kulifikiri swali hilo.

Mazoezi kwa semina

1. Pendekeza jina la Kiswahili la filamu Yǐn Rù Chén Yān. Eleza umechagua nini kati ya vumbi, moshi na mbayuwayu, na umepoteza nini.

2. Katika lugha yako ya nyumbani, Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Mashi, Kihavu au nyingine, mke anamwitaje mama wa mumewe uso kwa uso, na anamtajaje akiwa hayupo? Linganisha na Kiswahili na Kifaransa.

3. Andika mazungumzo ya mistari kumi kati ya mwenye shamba na kibarua wake, wote wawili katika Kiswahili cha Goma. Onyesha nani ana mamlaka bila kutumia tofauti ya lahaja.

4. Daktari kutoka mjini anaingia katika mazungumzo hayo. Amua azungumze Kiswahili gani, na utetee uamuzi wako.